Povu la Mzee Katoo

Wathome alicheka. Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Ukimuuliza leo atakwambia hakucheka sana, alicheka kidogo tu, tena kwa pua. Haya basi. Kicheko cha pua mbele ya mtu unayemwomba binti yake ni kicheko kamili, na Mzee Katoo alikisikia chote, mwanzo hadi mwisho.

Siku hiyo Wathome alikuwa amekwenda Illasit pamoja na mjomba wake na dada yake Nzula, kujitambulisha kwa kina Naisula. Yeye ni Mkamba wa Kitengela, ana studio ya picha. Naisula ni Mmaasai wa Illasit, anauza dawa katika famasi inayotazamana na hiyo studio, na walikuwa wametazamana kupitia vioo mpaka wakachoka kutazamana. Mwanzoni kila kitu kilikwenda sawa. Alipoingia aliinamisha kichwa kama alivyofundishwa, Mzee Katoo akamwekea kiganja utosini na kumwambia "Sopa," naye akajibu "Epa" bila kujikwaa. Nyama ikaliwa, chai ikanywewa. Wazee wakaanza hata kutaniana kuhusu jina ambalo mzee na mkwe wake wangeitana, kwa sababu kwa Wamaasai mtu akikupa kondoo mnaitana Paker, akikupa ng'ombe mnaitana Pakiteng, na majina ya kuzaliwa mnayaweka kando.

Kisha Koinet, kaka mkubwa wa Naisula, mtu ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumwekea breki, akasema, "Papa, waambie wageni ile ya povu."

Watu wa nyumba wakaanza kucheka kabla mzee hajafungua mdomo. Mama Margaret, mama yake Naisula, akajifanya anakusanya vikombe.

Mzee akaisimulia hata hivyo. Alisema kwamba akiwa kijana, siku zile mtu wa Illasit alipanda mlima wa Kibo, ng'ambo ya mpaka, bila kuulizwa pasipoti, aliwabebea wazungu mizigo mpaka kambi ya mwisho, kule chini ya theluji. Asubuhi moja kabla ya jua kutoka alikuwa anaosha sufuria. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Povu likaruka kutoka kwenye karai, likatua juu ya jiwe, na badala ya kupasuka likaganda. Likawa gololi nyeupe. Likaja lingine, na lingine, mawe yakajaa gololi.

"Ni barafu, lakini ndani hakuna kitu," mzee alisema, akionyesha ukubwa wake kwa vidole. "Unaona mpaka upande ule mwingine. Sasa ukiligusa..."

"Akaweka moja kwa mfuko amletee Mama!" Koinet akamalizia, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Hapo ndipo pua ya Wathome ilipomsaliti.

Mzee Katoo hakumtazama Koinet, hakumtazama mke wake. Alimtazama mgeni.

"Hawa wananicheka kwa sababu ni wangu," alisema. "Wewe bado si wangu."

Akachukua fimbo yake, akatoka kwenda kwa ng'ombe wake, na hakurudi mpaka wageni wakaondoka. Nje mlima wenyewe ulikuwa umesimama pale pale na kitambaa chake cheupe kichwani, kana kwamba hayo maneno hayauhusu.

"Yaani ulishindwa kushika hicho kicheko mpaka tufike barabarani?" Naisula alimuuliza walipokuwa wanarudi.

"Si kila mtu alikuwa anacheka?"

"Kila mtu ni wa kwao. Wathome, nisikize vizuri. Nakupenda, na hilo unalijua. Lakini bila neno la Papa mimi siolewi. Sitaki ndoa ya kukimbia kimbia. Sasa wewe tafuta vile utarudisha hicho kicheko mahali kilitoka."

Basi Wathome akarudi Kitengela akitafuta vile atarudisha kicheko, na kwa akili zake za haraka akaona njia iliyo karibu. Lazima mjue studio yake ni ya namna gani. Nusu ya Kitengela imewahi kupigwa picha Ulaya bila kuvuka Mto Athi. Unasimama mbele ya kitambaa cha kijani ukiwa umevaa koti la kuazima, Wathome anakaa kwenye kompyuta kidogo, na kesho yake unachukua picha yako uko kwenye theluji, au uko Dubai, au umeegemea gari ambalo hata jina lake huwezi kulitamka. Watu wanajua ni uongo, na wanazitundika ukutani wakifurahi. Ndiyo kazi iliyomjengea jina.

Akatengeneza picha. Akamweka Mzee Katoo kijana kambini, akachora mawe, akachora mapovu ya barafu yanang'aa, mengine yamepasuka vipande vipande kama chupa iliyoanguka. Alijisikia bingwa. Akaichapisha kubwa, akaiwekea fremu ya dhahabu, akaipeleka Illasit imefungwa kwa leso mpya.

Aliinamisha kichwa mlangoni. Kiganja hakikuja. Alikaa ameinama vile, anahesabu nyufa za sakafu, mpaka Mama Margaret akamwonea huruma akamwambia, "Karibu, keti."

Mzee aliitazama ile picha muda mrefu. Akasogeza uso karibu na pale kwenye mapovu yaliyopasuka kama chupa. Kisha akaigeuza, akaiegemeza ukutani uso ukiwa umeangalia ukuta.

"Huyu hakufika," alisema.

Maneno yalikuwa hayo tu. Hakueleza. Koinet alicheka mpaka akatoka nje kushika mti. "Shemeji, umemletea Papa uongo wa kusaidia uongo!"

Sasa mtu mwingine angekunja mkia akatafuta wazee wa kuomba msamaha. Wathome ana kichwa kigumu. Njia nzima kurudi alikuwa anarudia lile neno, hakufika, hakufika, na alipofika Kitengela alikuwa amekasirika kabisa. Alimkasirikia Koinet, akaikasirikia pua yake mwenyewe, na zaidi akamkasirikia mzee, ambaye kwa maoni yake alikuwa amebuni hadithi ya uongo na sasa anataka watu wakaitafute mlimani. Sawa. Angefika. Angepanda mpaka hapo kambini, angepuliza mapovu ya sabuni mpaka mashavu yaume, angeyapiga picha yakipasuka kama mapovu ya kawaida, na kama yangeganda basi vilevile angeyapiga. Potelea mbali. Angalau hakuna mtu angemwambia tena hakufika.

Sabuni alipewa na Nzula. Dada yake huyo hupika sabuni ya maji kwenye pipa la buluu nyuma ya nyumba, huiuza kwa mitungi, na kila Jumapili baada ya kanisa Wathome ndiye anayekoroga kwa mti mrefu mpaka mabega yanalia. "Beba hii," Nzula alimwambia, akimjazia chupa. "Hakuna sabuni iko na povu kama yangu." Akaongeza kichupa cha gliserini, ile ya kupaka midomo wakati wa baridi, maana Wathome alikuwa amesoma kwamba inasaidia povu lisipasuke haraka.

Akavuka mpaka pale Tarakea, akapata mwongozaji upande wa Tanzania, bwana mmoja mpole aitwaye Mushi, na wapagazi wawili. Walipoketi kupanga safari Mushi alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza tena.

"Samahani kaka, naomba nikuelewe vizuri. Hutaki kufika kileleni?"

"Nataka kambi ya mwisho tu."

"Na pale kambini utafanya nini?"

"Nitapuliza sabuni."

Mushi akatazama wapagazi. Wapagazi wakatazama viatu vyao. "Hamna shida," Mushi akasema. "Mteja ni mfalme."

Siwezi kuwachosha na habari za kupanda. Mlima ni mrefu na Wathome ni mtu wa kukaa kwenye kiti cha kuzunguka. Kichwa kilimuuma, chakula kilimshinda, na usiku alilala amevaa kila nguo aliyobeba. Asubuhi ya kwanza ya baridi ya kweli ilimkuta kambi ya chini ya majabali ya Mawenzi, penye kidimbwi ambacho maji yake yalikuwa yameshika barafu pembeni. Alifurahi. Akatoa chupa ya Nzula, akachanganya na maji na gliserini, akatumbukiza bomba la kalamu ya biro, akapuliza.

Povu likatoka zuri sana. Likapaa. Pumzi yake ilikuwa ya moto na hewa ni baridi, kwa hiyo kila povu lilipanda juu kama lina haraka ya kwenda mbinguni, yeye akilifuata na kamera, shingo imekunjwa, miguu ikijikwaa kwenye mawe. Halafu likapasuka. Akapuliza lingine. Likapaa, likapasuka. Akajifunza kulipulizia chini, juu ya mfuniko wa sufuria uliokuwa umelala nje na kushika sakitu, ule umande ulioganda. Hapo likatulia. Akapiga magoti, akaweka lenzi karibu, akangoja ligande.

Likangojana naye. Likakaa pale linacheza rangi zake, limelowa, na halikuganda hata ukucha. Kisha likapasuka, likamrushia sabuni kwenye lenzi.

Alirudia mpaka jua likatoka. Alipanguza lenzi kwa shuka, akaitia pumzi, pumzi ikaganda juu ya kioo. Ona sasa! Pumzi inaganda, maji ya kidimbwi yameganda, hata kamasi puani imeganda, lakini povu, lile ambalo ndilo lililomleta, limekataa. Betri ya kamera ikafa kwa baridi ikiwa imejaa. Akatia nyingine. Ikafa pia. Wapagazi walikuwa wamekaa wanakunywa uji wanamtazama, na mmoja akamuuliza Mushi kwa sauti ya chini kama huyu mteja ana ndugu zake wanaojua alipo.

Kambi ya mwisho, chini ya Kibo, palikuwa pabaya zaidi. Baridi ilikuwa kali mara mbili, lakini kulikuwa na upepo. Wageni wengine wote walikuwa wameondoka gizani kuelekea kileleni, wakabaki Wathome na watu wake. Akatafuta kona nyuma ya mwamba mkubwa. Akapuliza. Upepo ukayachukua. Akajikunyata akayakinga na koti. Yakatua kwenye mfuniko, yakakaa, yakalowa, yakapasuka. Betri alikuwa amezilaza kwapani usiku kucha kama mayai ya kuatamia, na sasa moja ilikuwa tayari inapepesa taa nyekundu. Vidole vilikuwa vimekufa. Alipiga ule mfuniko teke, ukaenda ukilia kwenye mawe mpaka mbali, na ikabidi aufuate mwenyewe akauokote, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kuutafuta.

"Mzee yule ni mwongo," alimwambia Mushi. "Nimepanda mlima mzima kwa sababu ya mwongo."

"Labda sabuni yenyewe," Mushi akasema, kwa kusema tu.

"Hii sabuni haina shida. Hii sabuni mimi mwenyewe ndiye naikoroga, naijua kutoka..."

Akilini aliliona lile pipa la buluu. Alimwona Nzula amesimama kando yake na mfuko mkononi, anamimina, anasema, ongeza kukoroga Wathome, bado ni nyepesi, wateja hawataki sabuni nyepesi. Anamimina chumvi. Kila mtu anayepika sabuni ya maji mitaani anajua hivyo: chumvi ndiyo inaifanya iwe nzito. Na maji ya chumvi hayagandi upesi, hilo alifundishwa darasani akiwa na suruali fupi. Safari yote ameipandisha chumvi mlimani, tena akaiongezea gliserini, ambayo nayo ni ngumu kuganda, akaiambia iwe barafu. Jumapili ngapi amekoroga chumvi hiyo kwa mikono yake mwenyewe!

Alijiita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Mushi," alisema. "Vyombo mnaosha na nini?"

Mushi akamletea kipande cha sabuni ya kufulia, cha rangi ya buluu, kimeliwa na maji upande mmoja. Wathome akaosha karai, akaosha biro, akaosha mikono yake iliyokuwa haihisi tena kitu. Akakikwangua kile kipande kwa kisu, akakoroga na maji ya uvuguvugu na sukari ya chai ili povu lipate nguvu kidogo. Mbingu ilikuwa inaanza kupauka upande wa Mawenzi. Upepo, ambao alfajiri yote ulikuwa kama una kesi naye, ukashuka kidogo.

Akapuliza moja juu ya mfuniko. Likapasuka. Akapuliza la pili, dogo, kama ndimu.

Likatulia. Chini yake, pale lilipoguswa na chuma, kikatokea kidoa cheupe. Kidoa kikaota mkono. Mkono ukaota vidole, na vidole vikapanda juu vikijifuma, mfano wa vile vitambaa vya uzi mama zetu wanavyofuma kuwekea makochi, ua kwa ua, mpaka povu zima likavikwa. Jua likachungulia nyuma yake. Wathome alikuwa amelala kifudifudi kwenye changarawe, anapiga picha, anapiga tena, machozi yanamtoka na hajui kama ni baridi au ni kitu gani. Alifurahi, na wakati huo huo aliona aibu kubwa, kwa sababu katika ule utupu mweupe aliona kila kitu mzee alichosema. Ni barafu, lakini ndani hakuna kitu. Unaona mpaka upande ule mwingine.

Mushi alikuwa ameinama nyuma yake. "Miaka yote nimepanda mlima huu," alisema polepole. "Sijawahi kuona."

Wathome akanyoosha kidole akaligusa. Kisha betri ya mwisho ikafa.

Illasit aliingia akiwa bado ana midomo iliyopasuka na pua iliyoambuka ngozi. Naisula alikuwa amekuja kutoka Kitengela mapema, amemsaidia mama yake kupika, na familia yote ilikuwa imekaa. Wathome aliinamisha kichwa mbele ya mzee. Kiganja hakikuja. Safari hii hakujali. Alikuwa na picha.

Akatoa kamera, akaiweka betri iliyochajiwa, akampa Koinet kwanza, kwa makusudi.

Koinet akatazama. Akasogeza picha mbele, akarudisha nyuma. Akapiga mluzi.

"Hii sasa umejaribu, shemeji. Ile ya kwanza ilikuwa ya kitoto. Hii ni AI, ama?"

"Si AI. Nimepiga mimi. Kambi ya mwisho."

"Mpaka umeweka mawe! Hata hii jua, ona. AI siku hizi ni noma, wallahi."

Kamera ikazunguka. Mama Margaret akavaa miwani. "Ni nzuri sana, mwanangu," alisema kwa upole, ule upole wa kumpa mtoto peremende. "Ungetengeneza kalenda."

"Mama, sikuitengeneza. Ni kweli."

"Ndiyo, ndiyo. Kunywa chai."

Wathome akapiga simu Tarakea, akaweka sauti ya wote wasikie. Mushi alijieleza vizuri, kwa Kiswahili chake kilichonyooka: ndugu zangu, mimi ni shahidi, nililiona lile povu likiganda kwa macho yangu mawili, na ninawasalimu nyote. Koinet akasema, "Huyu umemtoa wapi? Anaongea kama taarifa ya habari," na kicheko kikalipuka upya, na simu ikakatika yenyewe.

Naisula alikuwa amekaa kando yake. Akamshika mkono chini ya meza. "Mimi unaweza kuniambia ukweli," alimnong'oneza. "Kama ulitengeneza sitakasirika. Najua umefanya kwa ajili yangu."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Koinet ni Koinet. Lakini huyu anayemshika mkono, ambaye jana yake aliipaka dawa pua hiyo na midomo hiyo, alidhani alikwenda kujificha mahali siku zote hizo akichezea kompyuta. Na angemlaumu vipi? Ni nani aliyewapiga watu wa Kitengela picha za theluji? Ni nani aliyeleta fremu ya dhahabu kwenye nyumba hii hii? Ilikuwa bado iko pale, uso ukutani.

Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Nimeliona!" alisema, na sauti ikampanda bila kumuomba ruhusa. "Nimelala kwenye mawe, nimetapika njia nzima, vidole hivi mpaka leo havijui moto na baridi, nimeliona likiganda mbele yangu hapa, hapa, na nyinyi mnaniambia kalenda? Mnataka nini? Nilibebe kwa mfuko?"

"Kama Papa," Koinet akasema, na wengine wakajifunika midomo.

Wathome alikuwa ametia mkono mfukoni kwa hasira na mkono ukakutana na kile kipande cha sabuni, kilichokuwa kimebaki chembamba kama ulimi. Hakujua hata kwa nini alikuwa amekibeba. Akakitoa. Hakukuwa na kingine cha kuonyesha. Akavuka chumba, akakiweka kwenye kiganja cha mzee, akakikunja kile kiganja juu yake, na kwa desturi, hiyo ni kukosa adabu kabisa, kumshika mzee mkono hivyo.

"Chukua. Ni hii. Ile ya dada yangu ilikuwa na chumvi."

Kamera ilikuwa imemfikia Mzee Katoo mwisho, iko juu ya magoti yake, na alikuwa hajainua macho kutoka kwenye kioo chake kidogo. Sasa akakifungua kiganja, akakitazama kile kipande. Akakinusa.

"Uliligusa?" aliuliza.

"Nini?"

"Hilo povu. Uliligusa?"

"Nililigusa."

"Likapasuka kama chupa."

"Hapana," Wathome akasema, bado anahema. "Halikupasuka. Kidole kilipita tu. Likatoboka, likanywea upande mmoja, likajikunja kama ganda la kitunguu. Halafu upepo ukaliokota, likaenda."

"Lilitoa sauti?"

"Halikutoa hata sauti."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole. Koinet alianza kusema kitu na mama yake akamfinya paja.

"Hilo la kitunguu," mzee alisema mwishowe, "sijawahi kumwambia mtu hata mmoja. Si kwamba nilikuwa nalificha. Kila nikianza kusimulia, wakati nafika hapo, hawa wameshaanza kucheka."

Koinet, ambaye hana breki, akasema, "Lakini si hawa wawili wamepanga?" Mmoja akacheka, na mwingine akamfuata, na hata Mama Margaret akalazimika kugeukia dirisha. Naisula hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake, anamtazama Wathome, anarudi kwa baba yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuamini na hawezi.

Wathome akafungua mdomo awapigie kelele upya.

Mzee akasogea kwenye benchi lake, akaacha nafasi. Akapiga ile nafasi kwa mkono uliokuwa umeshika sabuni.

"Keti hapa, Pasabuni," alisema. "Shusha sauti. Mimi pia nilikuwa napandisha. Utazoea."